Kilio Kisicho na Matanga

Katika nchi zetu salamu haikamiliki mpaka watoto wameulizwa. "Watoto hawajambo?" twauliza njiani, sokoni, na mlangoni pa kanisa baada ya Misa, wala hatuna nia mbaya. Tena mwanamke akisha kuzaa, jina lake la ubatizo twaliweka kando, twamwita Mama Yohana au Mama Tereza, naye hufurahi. Yule asiyezaa hubaki na jina lake, jina zuri la mtakatifu, nalo humwuma kila aitwapo. Twayataja hayo mwanzoni ili wasomaji wetu wafahamu kwamba jambo tutakalo kulifikiri juma hili haliko hospitalini tu. Limo midomoni mwetu.

Swali lenyewe ni hili. Mwanamke aliyefunga ndoa takatifu, anayetibiwa ili apate mtoto, asikia kwamba jirani yake amejifungua salama. Badala ya kufurahi, moyo wake wachomeka. Afunga mlango, alia. Kisha ajishtaki mwenyewe: mimi ni mwenye kijicho, na labda Mungu ameninyima kwa sababu ya ubaya wa moyo wangu. Je, mwanamke huyo ametenda dhambi?

Si haki kumjibu kabla ya kujua anayoyapitia. Shirika la Afya Duniani huwahesabu mume na mke kuwa na shida hii wakiwa wametafuta mtoto miezi 12 bila kupata. Na katika taarifa yake ya mwaka 2023 lilisema kwamba mtu mzima mmoja katika kila sita duniani hukutana nayo wakati fulani wa maisha yake. Basi hao si wachache, ila hawasemi. Mwanamke akisha kuingia katika matibabu, maisha yake huhesabiwa kwa siku. Siku ya kwanza ni ya hedhi. Siku za mwanzo humeza vidonge vya kuamsha mayai. Pengine huchomwa sindano. Hupimwa kwa ultrasaundi. Mirija yake hutiwa dawa ionekanayo katika picha ya eksirei, na wengi hutoka humo wakiwa na maumivu. Hata mapenzi ya mume na mke, ambayo Mungu aliyafanya yawe ya hiari na ya furaha, huanza kufuata tarehe iliyoandikwa na daktari.

Kisha huja majuma mawili ya kungoja, nayo, twadhani, ni mazito kuliko sindano zote. Homoni itokeayo mwilini baada ya yai kutoka, au ile apewayo hospitalini, huyafanya matiti kuuma na kuleta uchovu, dalili zile zile za mimba changa. Mwili wake mwenyewe humwambia ndiyo, na majuma mawili yakiisha humwambia hapana. Mtu akifiwa, sisi twajua la kufanya: twakaa matanga, twapika, twalala chini pamoja na wafiwa, na padre huja kusali. Lakini huyu amefiwa na nani? Hakuna kaburi, hakuna jina. Asubuhi yampasa kwenda shambani au kazini na kuitikia kwamba hajambo, na mwezi ujao vivyo hivyo. Mwaka 1993 huko Marekani, bibi mtaalamu Alice Domar na wenzake waliwalinganisha wanawake wa namna hii na wagonjwa wengine, wakaona kwamba huzuni na wasiwasi wao havikuwa mbali na vya wagonjwa wa saratani au wa moyo. Sisi tusiozoea kuihesabu huzuni hii kuwa ugonjwa wala msiba twapaswa kulitafakari jambo hilo.

Sasa twaweza kujibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha, na Katekisimu ya mwaka 1992 yarudia, kwamba maono ya moyo, kama huzuni, hofu na hasira, kwa yenyewe si mema wala si mabaya, mpaka akili na nia vinapoingia. Dhambi ya kijicho ni kuhuzunika kwa sababu mwenzako ana kitu chema, na kupenda akikose. Mwanamke aliyefunga mlango wake hapendi mtoto wa jirani afe. Alilia alichokosa yeye. Kama siku zijazo atamsingizia jirani, au atamwombea mabaya, hapo nia imeingia, na tusimdanganye kwamba mwenye kuteseka hawezi kukosa. Lakini machozi yale ya kwanza hayana haja ya kupelekwa kwenye kitubio, na padre mwenye busara atamwambia hivyo.

Tumkumbuke Hana katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Mumewe Elkana alimpenda, akajaribu kumtuliza kwa kumwambia kwamba yeye amfaa kuliko wana kumi. Mume mwema, lakini baada ya neno hilo Hana alikwenda hekaluni akalia kwa uchungu zaidi. Na kuhani Eli alipoiona midomo yake yacheza bila sauti, alidhani amelewa, akamkemea. Mtu wa Mungu, mahali patakatifu, mbele ya mwanamke asaliye, na bado hakuona. Maandiko hayakuificha aibu hiyo ya kuhani.

Leo hatumwambii mtu kwamba amelewa. Twamwambia, "Tulia, usiwaze sana, utapata." Neno hili lasikika kama la huruma, kumbe lamtwisha lawama: umekosa kwa sababu wawaza. Tena si kweli. Mwaka 2011 bibi mtaalamu Jacky Boivin na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza hesabu ya uchunguzi 14 uliohusu wanawake 3,583, wakaona kwamba huzuni aliyokuwa nayo mwanamke kabla ya matibabu haikumpunguzia nafasi ya kupata mimba. Basi na alie.

Ikiwa twatafuta dhambi iliyo wazi, tuitafute kwa mume akataaye kupimwa. Shida yaweza kuwa kwake, kwa mkewe, kwa wote wawili, au isijulikane kabisa. Na kipimo cha mume ni chepesi kuliko vipimo vya mke, tena ziko njia zisizopingana na mafundisho ya Kanisa. Neno "mgumba" halitaji mume wala mke, lakini midomo yetu hulibandika kwa mke. Mume anayemwacha mkewe achomwe sindano miaka mitatu, huku akijua kwamba yeye mwenyewe hajathubutu kuingia maabara, amemshuhudia uongo jirani yake wa kwanza, tena amefanya hivyo kwa kunyamaza.

Liko na jambo gumu zaidi, wala hatulikwepi. Tangu Louise Brown azaliwe Uingereza mwaka 1978, mimba huweza kutungishwa nje ya mwili, na Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006. Kanisa, katika waraka wake wa mwaka 1987, lilifundisha kwamba mtoto ni zawadi, wala si kitu tunachodai, na kwamba kutungwa kwake kusitengwe na tendo la ndoa. Mafundisho hayo twayashika. Lakini mwanamke anayeyatii huchukua msiba wa pili: daktari amemwonyesha mlango, naye amekataa kupita, na mama mkwe amwuliza kila juma kwa nini. Huyu hatoshelezwi na neno "mapenzi ya Mungu" litamkwalo na mama wa watoto saba. Yampasa apewe madaktari watakaotafuta chanzo na kukitibu, kwa kuwa Kanisa lahimiza utafiti wa namna hiyo, na fedha za kuwafikia. Naye mwenzake aliyepita mlango ule, aliyeuza kiwanja, aliyerudi mikono mitupu au na mtoto, mara nyingi hujificha nyuma ya nguzo ya kanisa. Waraka ule ule wasema kwamba mtoto apatikanaye hivyo apokewe kwa upendo kama zawadi ya Mungu. Mama yake asisogezwe kando katika jumuiya.

Juma lijalo katika parokia nyingi kutakuwa na ubatizo, na karamu baada yake. Kama kuna dada mmoja katika mtaa wenu ambaye hakufika, mpelekeeni pilau nyumbani ikiwa moto bado. Atakayeipeleka asiulize sababu, na akikaribishwa kuketi, aketi.