Jibu la Maji ni la Nani?

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kusema "maji safi na salama" kana kwamba sifa hizo mbili ni pacha. Sivyo. Usafi wa maji hushuhudiwa na jicho, pua na ulimi. Usalama wake aghalabu haushuhudiwi na kiungo chochote cha mwili, hata mtu apime. Na mtu mmoja anapopima maji yatakayonywewa na mwingine, huzuka swali ambalo kwa maoni yetu ni la maadili kabla ya kuwa la kemia: jibu la kipimo kile ni mali ya nani?

Na tulitazame swali hili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, safari ya kilomita 50 au zaidi kutoka mji wa Mbarara. Makazi hayo yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, jumla yao zaidi ya laki moja. Maji yao mengi hutoka Ziwa Nakivale, yakasafishwa kwa mitambo na kutiwa klorini. Wengine hutegemea visima vya pampu. Na bomba likikauka, wapo wanaorudi ziwani na dumu zao.

Hapo ndipo ulimi unapodanganya. Maji ya kisima yakiwa na chuma, ambacho pengine chatoka katika mabomba ya pampu yenyewe yaliyoliwa na kutu, chai hugeuka nyeusi na nguo nyeupe hupata madoa. Watu huyakataa, ingawa kwa kawaida chuma hicho hakimdhuru mnywaji. Aliyekikimbia huenda akachota ziwani maji matamu yenye vijidudu vya kinyesi, visivyo na rangi wala ladha. Shirika la Afya Duniani lataka bakteria aitwaye E. koli asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Njia moja ya kumtafuta ni kuyachuja maji kwa utando mwembamba, kisha kuulaza utando huo juu ya chakula cha bakteria katika joto la sentigredi 44 hadi kesho yake, na kuyahesabu madoa yaliyoota. Jibu, basi, hufika maji yakiwa yamekwisha kunywewa.

Sasa tuseme mpimaji amehesabu madoa hamsini, wala hana maji mengine ya kuwapa watu. Anene au anyamaze? Wapo wasemao anyamaze, kwa kuwa habari isiyo na dawa ni kutia watu hofu tu. Hoja hii si ya kupuuzwa. Huko Bangladesh visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1970 ili watu waepuke maradhi ya maji ya madimbwi; katika miaka ya 1990 ikadhihirika kwamba vingi vina sumu ya arseniki. Pampu zikapakwa rangi, nyekundu kwa mbaya na kijani kwa njema. Wengi walihamia pampu ya kijani ya jirani. Wasiokuwa na jirani wa namna hiyo waliendelea kunywa, ila sasa kwa kujua.

Karibu na kwetu zaidi, maji ya Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 vijijini, baadaye 4, kisha 1.5. Hatuthubutu kuwalaumu walioweka 8, kwani kuvifunga visima kungewaacha watu na kiu. Lakini kusema "maji haya yana miligramu sita nasi hatuna mengine" ni mbali sana na kusema "maji haya yanafaa". Meno ya watoto yaligeuka kahawia bila kujali kiwango kilichoandikwa ofisini.

Kwa hiyo twashikilia kwamba jibu ni la mnywaji. Akilijua, aweza kuchemsha maji ya mtoto mchanga kwanza, hata kama kuni hazitoshi kwa nyumba nzima. Aweza pia kulalamika. Na mkimbizi, asiyepiga kura, ana silaha chache kupita hiyo.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi hasa. Taarifa za maji Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na kwa miligramu. Huko Nakivale Kiswahili huwaunganisha wengi, hasa wa kutoka Kongo na Burundi. Lakini Kiswahili kipi? Ukimwambia mama "maji yamechafuliwa", atachungulia kikombe, aone maji meupe, akuone mwongo. Neno "vimelea" ni zuri darasani. Sisi tungeandika ubaoni, kando ya bomba, pamoja na tarehe: "Maji haya yalipimwa jana. Yana vijidudu vya choo. Yachemsheni." Wapo watakaoona neno "choo" halina adabu. Chini yake iandikwe Kinyarwanda na Kisomali, na ubao ufutwe kila kipimo kipya kinapofika.