Mzazi Kwanza Asikilizwe

Tafakari ya juma
Somo: 1 Samweli 1:9–24



Kuhani Eli aliona midomo ya Hana ikitikisika bila sauti, akakata shauri papo hapo: mwanamke huyu amelewa. Akamkaripia. Hana alipomweleza uchungu uliokuwa moyoni mwake, Eli alinyamaza, akasikiliza, kisha akamruhusu aende kwa amani. Siku ile Hana alikula, na huzuni ikamtoka usoni. Samweli alikuwa hajatungwa mimba bado, lakini mama yake alikuwa amemimina moyo mbele za Mungu, na mtumishi wa Mungu amemsikia.

Hapa Mabamba Hana ni wengi. Mzazi amerudi nyumbani, mtoto ana siku nne, matiti yamejaa, chuchu zimechubuka, na usiku kucha ni kilio. Jirani anamwambia, "Huna maziwa wewe." Mama mkwe anashauri mtoto apewe maji kidogo. Mwingine anafoka, "Kliniki hamkufundishwa? Miezi sita, hata maji hapana!" Wote wanampenda mtoto, lakini wote wamefanya kama Eli: wameona midomo, wakahukumu.

Agizo la miezi sita ni sahihi. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano; anyonye bila kupewa kingine hadi miezi sita; kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita ndio waliokuwa wakinyonya tu bila kupewa kingine. Zaidi ya theluthi walikuwa wameshaanza maji, uji au kitu kingine. Mara nyingi kinachomsukuma mama si ukaidi, ni hofu kwamba maziwa hayatoshi.

Na hofu hiyo hujitimiza yenyewe. Titi hutengeneza maziwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto akijazwa maji, hunyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa hupungua kweli. Ndiyo maana mshauri mwema huanza na maswali: Mtoto ananyonya mara ngapi, na usiku je? Anakojoa mara ngapi? Kadi inaonyesha uzito unapanda? Kisha huketi karibu na kumtazama akinyonya, maana chuchu nyingi huchubuka kwa sababu mtoto ameshika ncha tu badala ya kujaza titi kinywani. Mama akiwa na homa na titi limevimba, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya mara moja. Na mama anayeishi na VVU asikatishwe tamaa na maneno ya mtaani. Aendelee na dawa zake na kufuata maelekezo ya kliniki.

Kazi hii haihitaji digrii. Kule Mbale, Uganda, wanawake wa kawaida wa vijijini walipewa mafunzo wakawatembelea wenzao majumbani, kuanzia mimba ikiwa kubwa na kuendelea baada ya kujifungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa watoto walipofika majuma 12, kina mama 82 katika kila 100 waliotembelewa walisema wanawanyonyesha bila kuwapa kingine. Kwa wasiotembelewa walikuwa 44.

Lakini ushauri peke yake haubebi kuni. Samweli alipokwisha kuzaliwa, mwaka ulipofika wa kupanda Shilo kutoa dhabihu, Hana alisema hatakwenda mpaka mtoto aachishwe ziwa. Elkana, mumewe, angeweza kushikilia kwamba ibada ni ibada. Badala yake alimwambia abaki, afanye anavyoona vema. Safari takatifu ilimpisha mtoto anyonye!

Sheria ya kazi humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Mke wa mkulima hana mwajiri wa kumsainia likizo, na mvua ya kupandia maharage haimsubiri. Likizo yake iko mikononi mwa mumewe, mama mkwe wake na jirani zake. Baba, ukiteka maji na kubeba jembe peke yako msimu huu, umemnyonyesha mwanao kwa namna uliyopewa.

Juma hili kila jumuiya imtafute mzazi mmoja imtembelee. Wawili tu waende, wakiwa na chakula, si maagizo. Wamuulize, "Unaendeleaje?" na wasubiri jibu. Mama wakwe nao waalikwe waketi, kwa kuwa neno lao ndilo lenye uzito nyumbani.

Tuombe: Ee Mungu uliyemsikia Hana, tupe masikio kabla ya ndimi. Wape kina mama nguvu, kina baba moyo wa Elkana, na watoto wetu afya ya kukua mbele zako kama Samweli. Amina.