Pai ya Babu Ni ya Nani?

Watu hugombea mipaka, hugombea maziwa na mito, lakini hakuna ugomvi unaonifurahisha kama ule wa vitu vitamu. Mwaka 2013 Waturuki walifanikiwa kupata ulinzi wa Umoja wa Ulaya kwa baklava ya Gaziantep, ili asitokee mwingine akauza yake kwa jina hilo. Wamarekani nao wana msemo kwamba jambo fulani ni la Kimarekani kama pai ya matufaha. Ukifuatilia utakuta tufaha lenyewe lilitoka kwenye milima ya Kazakhstan, na wapishi wa Mfalme Richard II wa Uingereza walikuwa na maelekezo ya pai ya matufaha kwenye kitabu chao cha mapishi cha mwaka 1390 hivi, yaani miaka 100 kabla Columbus hajavuka bahari. Miwa inayotoa sukari ilianzia New Guinea. Mdalasini ni wa Sri Lanka. Ngano ni ya Mashariki ya Kati. Pai ya Mmarekani haina kitu cha Kimarekani ndani yake isipokuwa Mmarekani mwenyewe.

Ningeweza kucheka na kuishia hapo, lakini mimi ni mjukuu wa mpishi wa pai kutoka Mufindi, mkoani Iringa. Kwetu swali la nani mwenye pai lina uzito wa kuwatenganisha ndugu.

Babu yangu alikuwa Mhehe. Miaka ya 1950 alipika katika nyumba ya meneja Mwingereza wa shamba la chai. Walowezi wa Kijerumani ndio walioanzisha chai pale Mufindi miaka ya 1920, kisha Vita vya Pili vikawaondoa, Waingereza wakashika mashamba. Wakubwa walibadilika, jiko likabaki lilelile, na aliyesimama mbele ya jiko akabaki yuleyule: mtu mzima mwenye mke na watoto, anayeitwa "boi". Memsahibu alimfundisha pai kwa kumsomea kitabu, kwa sababu babu hakujua kusoma Kiingereza. Alisikiliza mara moja, akaweka kichwani. Unga wa ngano, siagi ya baridi, chumvi kidogo, maji ya kisimani yaliyolala nje usiku. Kama umewahi kulala Mufindi mwezi wa sita, unajua kwamba maji hayo hayahitaji friji.

Matufaha ya kutosha hayakuwepo, lakini pichi na plamu zilikuwepo. Babu alijua mwenyewe kwamba pichi ya Iringa ina maji mengi, na ukiiweka mbichi ndani ya unga, chini ya pai panakuwa uji. Kwa hiyo aliipika kwanza na sukari mpaka ikakauka, akaipoza, ndipo akaifunika. Hilo halikuwa kwenye kitabu cha memsahibu.

Shangazi yangu alijifunza kwake. Leo anaishi Uyole, jijini Mbeya, anaoka pai za pichi, za plamu na za matufaha yanayoletwa kutoka Njombe na Makete, anauza kwa oda za simu. Hana tanuri la umeme. Anatumia sufuria pana yenye mchanga chini, na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko. Unga anausukuma kwa chupa ya soda.

Mwaka fulani alizipeleka pai zake Nane Nane, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na meza iliyoandikwa "Vyakula vya Asili vya Nyanda za Juu Kusini". Shangazi akaweka pai yake pale, katikati ya ugali, ndizi za kupika, viazi vya kuchemsha na mkate wa mahindi mabichi uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Msimamizi wa meza akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, hii ni ya Wazungu. Ipeleke kule kwenye keki."

Shangazi aliipeleka. Aliniambia jioni, kwa simu, bila hasira. Hasira ilikuwa yangu, na nilikuwa na hoja tayari. Mahindi yalitoka Amerika. Viazi mviringo navyo vilitoka huko. Ndizi zilitoka Asia ya Kusini Mashariki, ingawa Mnyakyusa wa Rungwe ukimwambia hivyo atakuangalia kama mgonjwa. Kama asili maana yake ni mahali kitu kilipochipuka mara ya kwanza, basi ile meza ilipaswa kubaki na ulezi, kunde, na labda bakuli la makusu kutoka porini. Kama ugali wa mahindi umekaa mpaka ukawa wetu, kwa nini pai isiachwe nayo ikae?

Niliipeleka hoja hii kwa baba mdogo, Iringa mjini, nikidhani nimeshinda. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, hasemi haraka. Aliniuliza babu alikuwa wapi mwaka 1954. Nikasema Mufindi, jikoni. "Mwaka ule," akasema, "fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga. Watu walitembea kwa miguu kwenda kuliona. Baba hakwenda. Kulikuwa na wageni wa chai." Akanyamaza kidogo. "Mahindi tuliyachagua, mwanangu. Hakuna aliyemsimamia bibi yako shambani akamwambia panda haya. Pai tuliagizwa. Usichanganye kitu ulichopokea na kitu ulichoamriwa."

Sijawahi kusikia hoja nzuri kuliko hiyo dhidi yangu, na nimeizunguka kwa muda mrefu. Inaonyesha udhaifu wa ule usemi tunaoupenda sisi vijana tuliosoma, kwamba tamaduni zote ni mchanganyiko. Ni kweli ni mchanganyiko. Lakini mchanganyiko ulikorogwa na nani, na nani alikuwa chungu? Ukisema "vyote vimechanganyika" na kuishia hapo, umemsamehe aliyeshika mjeledi bila kumuuliza aliyechapwa.

Angalia jinsi majina yanavyogawanywa. Ufaransa kuna pai ya matufaha inayookwa juu chini kisha ikageuzwa, na inaitwa Tatin, jina la dada wawili waliokuwa na hoteli yao katika mji mdogo wa Lamotte-Beuvron. Walikuwa wenye nyumba, kwa hiyo chakula kikabeba jina lao. Sasa mtazame James Hemings. Alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, yuleyule aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwaka 1784 Jefferson alikwenda naye Paris ili akafundishwe upishi wa Kifaransa. Hemings akawa mpishi hodari, na mwaka 1793 alipoahidiwa uhuru wake, sharti lilikuwa kwanza amfundishe mtu mwingine kazi hiyo. Alimfundisha ndugu yake, Peter, aliyebaki utumwani. Akaachiwa mwaka 1796. Sifa za meza zilikwenda kwa mwenye meza.

Niliikumbuka habari hiyo siku nilipokaa kwenye mgahawa mmoja unaopokea watalii. Orodha ya vyakula ilisifu pai ya matunda "kama ilivyookwa katika nyumba za walowezi". Nilisoma mstari huo mara mbili. Nyumba haioki. Nyumba za walowezi wa Iringa zilikuwa na watu wenye mikono, na mikono hiyo ilitoka Kalenga, Mgololo, Ifwagi, vijiji ambavyo orodha ile haikuwa na nafasi navyo.

Kwa hiyo baba mdogo ana haki, na bado naona hoja yake inakosa kitu kimoja. Inamwacha babu jikoni mwa memsahibu daima.

Ile familia ya Kiingereza iliondoka baada ya uhuru. Babu alirudi kijijini, akalima mahindi na njegere kama wengine. Hakuna aliyemwagiza tena pai. Hakuwa na jiko la chuma, hakuwa na siagi, ngano ilikuwa ya kutafuta. Na bado kila Krismasi, na kila mtoto wake alipopata kipaimara, babu alioka. Yeye ndiye aliyegundua ile njia ya mchanga na makaa. Badala ya siagi alitumia mafuta aliyoyapata, na sukari ikikosekana aliweka asali. Shangazi anakumbuka kwamba alikata vipande sawasawa na kuwapa watoto kwanza, yeye akachukua cha mwisho, halafu akala ameketi. Kule Mufindi hakuwahi kuila ameketi.

Hapo ndipo ninapoweka kipimo changu. Nikitaka kujua kama kitu ni cha watu fulani, siulizi sana kilitoka wapi, wala siulizi tu kama kiliingia kwa amri. Nauliza: amri ilipokwisha, walifanya nini? Babu aliacha mengi ya nyumba ile. Aliacha kanzu nyeupe ya kuhudumia, akaacha kusimama nyuma ya viti vya watu. Pai hakuiacha. Kati ya vyote alivyolazimishwa, alichambua kimoja akaamua hiki nakichukua, na mtu anayechagua namna hiyo si boi tena.

Wamarekani weusi walifanya jambo kama hilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mababu zao kutoka Afrika Magharibi walikuwa wamezoea viazi vikuu. Kule walikopelekwa walikuta viazi vitamu, na katika majiko ya mabwana walikuta ufundi wa pai. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865 wangeweza kuitupa ile pai kama ukumbusho wa aibu. Waliichukua ikawa chakula cha sikukuu zao, na leo pai ya viazi vitamu inatambulika Marekani kama yao. Hakuna mwenye akili anayewaambia kwamba ni ya mabwana waliowamiliki.

Lakini kipimo hiki kina sharti, nalo nimelipokea kutoka kwa baba mdogo: usile ukasahau. Pai ya babu ikiwekwa kwenye meza ya vyakula vya asili bila habari yake, itakuwa uongo mtamu. Itafanana na ile orodha ya mgahawa, tofauti ni kwamba tutakuwa tumeiandika wenyewe. Anayeila aambiwe kwamba iliingia kupitia mlango wa nyuma, kwamba aliyeijua zaidi ndiye aliyelipwa kidogo zaidi. Babu mwenyewe alikuwa na kauli yake juu ya hilo, ambayo shangazi huirudia akiwa anakanda: "Unga hauna kabila. Mshahara ndio ulikuwa nalo."

Ningependa kumalizia hapo, kwa kauli ya mzee, tukiwa tumeipata haki yetu. Tatizo ni kwamba pai haikuishia kwa babu.

Shangazi ana msichana anayemsaidia, mtoto wa Kinyakyusa kutoka upande wa Tukuyu. Anamlipa shilingi 7,000 kwa siku. Mwaka jana plamu zilipoadimika, msichana yule aliomba ajaribu ndizi mbivu. Alizikata, akazikausha kidogo kwenye kikaango na tangawizi, akazipanga ndani ya unga wa babu. Nilionja. Sasa nusu ya oda za simu ni za pai ya ndizi, pai moja shilingi 25,000, na wateja wanaiita pai ya Shangazi.

Nilipokwenda Uyole mara ya mwisho nilimuuliza shangazi kama jina hilo linafaa. Alikuwa anapalia makaa, hakugeuka. Akasema, "Kusukuma nimemfundisha mimi. Sufuria yangu, mkaa wangu, wateja wangu." Yote yalikuwa kweli. Memsahibu angeweza kuyasema yote vilevile, na yangekuwa kweli pia.

Nikamwambia, "Shangazi, babu naye alifundishwa kusukuma. Zile pichi alizikausha kwa akili ya nani?"

Hakujibu upesi. Alifunika sufuria, akapanga makaa juu yake moja moja kwa koleo, akaegemeza koleo ukutani, akajifuta mikono kwenye khanga. Nje, msichana alikuwa anamenya ndizi huku redio ikiimba. Kuna maswali ambayo mtu hayajibu kwa kanuni, kwa sababu jibu lake lina gharama, na gharama hiyo inatoka mfukoni mwake, si mfukoni mwa Mwingereza aliyekwisha kufa.

"Mwite," shangazi akasema. "Mwambie aache hizo ndizi kwanza, aje tuongee bei."