Mgeni wa Bei Nafuu

Boti ya mwendo kasi kutoka kisiwa cha Corfu, Ugiriki, hufika mji wa Sarandë, Albania, baada ya nusu saa hivi. Bahari ni ile ile na jua ni lile lile. Kinachobadilika ni hesabu. Kahawa inashuka bei, chumba kinashuka bei, na mtalii aliyekuwa akihesabu sarafu upande wa Ugiriki anajikuta upande wa Albania akiagiza sahani ya pili bila kuuliza. Habari za namna hiyo husambaa upesi. Mwaka 2023 nchi hiyo yenye watu milioni 2.4 ilipokea wageni kutoka nje zaidi ya milioni 10. Mwaka uliofuata walikaribia milioni 12.

Wengi wao huja kwa sababu ya bei, na hawaoni haya kusema hivyo. Wala si aibu. Mwenye kipato kidogo naye ana macho ya kuiona dunia. Ila Albania ni mahali pagumu pa kwenda na hoja ya bei peke yake, maana ni nchi ambayo kwa karne nyingi ilishikilia kwamba mgeni hana bei. Mtu akienda kwa watu kwa kuwa kwao ni nafuu, bado ni mgeni? Na mwenyeji akishabandika bei mlangoni, bado ni mwenyeji?

Kwa msomaji wa Kiswahili Albania iko mbali. Waliofuatilia siasa za wakati wa Mwalimu Nyerere huenda wakakumbuka tarehe 25 Oktoba 1971, siku ambayo azimio lililosukumwa na Albania, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliolidhamini, liliipa Jamhuri ya Watu wa China kiti chake Umoja wa Mataifa. Wengine wanamjua Mama Teresa, aliyezaliwa Skopje mwaka 1910 katika familia ya Kialbania. Uwanja wa ndege wa Tirana una jina lake. Zaidi ya hapo ni ramani tu: nchi ya milima iliyobanwa kati ya Ugiriki, Montenegro, Kosovo na Macedonia Kaskazini, mbele yake bahari ya Adriatiki.

Katika milima ya kaskazini, ambako utawala wa Waturuki haukuwahi kushika sawasawa, watu waliishi kwa sheria ya mdomo iitwayo Kanun, inayohusishwa na mtawala wa karne ya 15, Lekë Dukagjini. Padri Mfransisko Shtjefën Gjeçov aliikusanya kifungu kwa kifungu. Aliuawa mwaka 1929 kabla kazi yake haijatoka kitabu, na kitabu chenyewe kikachapwa mjini Shkodër mwaka 1933. Humo nyumba inahesabiwa kuwa ya Mungu na ya mgeni. Mwenyewe anafuata baadaye. Mgeni hupokewa kwa mkate, chumvi na moyo. Bunduki yake huchukuliwa mlangoni na kutundikwa, hupewa nafasi karibu na moto, na akiondoka husindikizwa. Akidhuriwa akiwa bado chini ya ulinzi wa nyumba ile, mwenye nyumba anadaiwa kisasi. Sheria hiyo inakubali kwamba mtu anaweza kumsamehe aliyemuua ndugu yake, lakini si aliyemdhuru mgeni wake. Ismail Kadare, mwandishi mkubwa wa nchi hiyo aliyefariki mwaka 2024, alijenga riwaya nzima, *Prilli i thyer*, juu ya visasi vya miaka mingi vilivyoanzia kwa mgeni mmoja asiyejulikana aliyebisha hodi usiku.

Isidhaniwe kwamba hapa pepo inasimuliwa. Kanun hiyo hiyo ndiyo iliyopanga utaratibu wa kulipiza damu. Katika kijiji cha Theth bado umesimama mnara wa mawe wenye vidirisha vyembamba, ambamo mwanamume aliyetafutwa kwa kisasi alijifungia akisubiri wazee wapatanishe. Mwanamke naye hakuwa na sauti barazani wala urithi kwa baba yake. Sifa ya ukarimu ilikwenda kwa mwenye nyumba aliyeketi na mgeni. Maji ya kunawa, mkate wa mahindi, kuni na matandiko vilitoka mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewataja. Mwanafalsafa Mfaransa Jacques Derrida aliandika miaka ya 1990 kwamba ukarimu ulio kamili hauulizi jina wala hauweki sharti. Sawa, lakini lazima mtu aamke alfajiri akande unga.

Dini zilizofika milimani humo ziliitia nguvu desturi hiyo. Wakatoliki walikuwa na Ibrahimu wa kitabu cha Mwanzo, Waislamu wakawa na Ibrahim wa sura ya Adh-Dhariyat: mzee ni mmoja, anahangaika kuandaa ndama kabla hajajua kuwa walioketi kwake ni malaika. Katika Hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim, Mtume anaagiza mgeni akirimiwe, na ukarimu huo una siku tatu. Kinachozidi ni sadaka. Wengi hupenda kuishia hapo. Lakini mapokezi hayo yanaendelea, yanamkataza mgeni kukaa hadi akamtia mwenyeji dhiki. (Waswahili hawakungoja hata hiyo siku ya tatu iishe, walimpa mgeni jembe.) Ugeni, kwa hiyo, una adabu za pande mbili, na upande wa mgeni ndio ambao utalii wa bei nafuu umeusahau.

Adabu ya upande wa mwenyeji ilipata mtihani wake Septemba 1943, Wajerumani walipoingia Albania baada ya Italia kusalimu amri. Mjini Tirana kijana Mwislamu wa miaka 17, Refik Veseli, alikuwa akijifunza kupiga picha katika studio alimofanya kazi Moshe Mandil, mkimbizi Myahudi kutoka Yugoslavia. Refik aliwaomba ruhusa wazazi wake, kisha akaichukua familia yote ya Mandil hadi kwao Krujë. Walisafiri usiku kwa nyumbu, mchana wakajificha mapangoni. Wazazi wa Kiyahudi walikaa chumba kidogo juu ya zizi. Watoto wao waliachwa wachanganyike na watoto wa nyumbani, wajulikane kijijini kama jamaa. Baadaye ndugu yake Refik alileta familia nyingine. Wote walikaa hadi Novemba 1944, na wote walitoka hai. Vita ilipokwisha, Refik alikwenda Novi Sad, Yugoslavia, kuishi kwa Mandil akamalizia kujifunza kazi yake: mwenyeji wa jana akawa mgeni. Mwaka 1987 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtambua yeye na wazazi wake, Vesel na Fatima, kwa kuwaokoa Wayahudi, na walikuwa Waalbania wa kwanza kupata heshima hiyo. Albania ilimaliza vita ikiwa na Wayahudi wengi kuliko ilipoanza, jambo lililo nadra kabisa katika Ulaya iliyokaliwa na Wanazi.

Kisha ukaja mtihani wa aina nyingine. Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha ilifunga misikiti, makanisa na zawiya zote za nchi, zaidi ya 2,000. Katiba ya 1976 ikaandika kwamba dola haitambui dini yoyote. Wageni wachache walioruhusiwa kuingia walizungushwa na waongozaji wa serikali kwa ratiba isiyobadilika, na mwanamume mwenye nywele ndefu au ndevu alipitishwa kwanza kwa kinyozi wa mpakani. Mashambani na fukweni vilijengwa vibanda vya zege vya kujihami, zaidi ya 170,000, vikimsubiri adui ambaye hakuja. Tuifuate mantiki ya Kanun hadi mwisho: nyumba ni ya Mungu na ya mgeni, mmoja amepigwa marufuku, mwingine amefungiwa nje. Ukarimu ulipaswa kufa.

Haukufa. Novemba 1990, kabla utawala wa chama kimoja haujaanguka, Wakatoliki wa Shkodër walisali misa hadharani makaburini, na mwezi huo huo Waislamu wa mji huo wakasali Ijumaa kwenye Msikiti wa Risasi. Mwaka 1997 biashara za upatu wa ulaghai ziliporomoka na kula akiba za familia nyingi, na nchi ikaingia katika ghasia. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1999, wakimbizi zaidi ya 400,000 kutoka Kosovo walimiminikia nchi hiyo maskini, na wengi wao hawakulala kwenye mahema bali katika nyumba za watu.

Mwenye imani atasema Mungu hafukuzwi kwa katiba. Asiye na imani atasema mazoea huishi kuliko sababu zake. Wote wawili wana hoja, ila wanatazama kichwani mwa mtu wakati jambo hili liko mikononi. Mtoto wa Shkodër hakufundishwa ukarimu msikitini wala kanisani mwaka 1975, kwa kuwa hapakuwa na msikiti wala kanisa. Alimwona bibi yake akimtengea jirani kipande kikubwa cha jibini katika nyumba ambayo jibini lilikuwa la kupanga foleni. Hiyo nayo ni ibada, hata kama katiba haikujua kuikataza.

Sasa kuna bei. Kufika Theth msafiri hupanda furgon, basi dogo linalosubiri lijae kama daladala, kisha hulala katika nyumba ya kijijini iliyogeuzwa ya kulaza wageni. Anavua viatu mlangoni, anapewa ndara. Mezani kunakuja mkate wa mahindi, jibini la nyumbani, pilipili za siki, byrek, yaani pai ya mboga, iliyotoka motoni, na kikombe cha chai ya majani ya mlimani. Asubuhi kuna bili. Je, bili hiyo imeua kitu?

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba vitu ama vina bei ama vina hadhi, na chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ile ile. Kwa kipimo hicho, chumba cha Theth kina bei na mwenyeji wake ana hadhi, na hakuna sababu viwili hivyo visikae nyumba moja. Wanaolia kwamba pesa imeharibu ukarimu wa milimani mara nyingi ni wale wale wanaotaka ubaki bure kwa faida yao. Mama mwenye nyumba analipwa sasa kwa kazi ambayo nyanya yake aliifanya bila kutajwa, na haya ni maendeleo. Wala si jambo geni. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta vijana wakilifuata kila jahazi la biashara kwa mashua, na sahani za chakula mikononi, kila mmoja akimchagua mfanyabiashara wake na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizohitaji. Na aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au kumuuzia mwenyeji wake asipokuwepo, biashara yake haikukubaliwa. Ukarimu na soko vilikaa pamoja, na ukarimu ndio uliolinda bei isiwe ya dhuluma.

Hapa ndipo hesabu ya mtalii wa Corfu inapopinda. Unafuu wa Albania umetengenezwa kwa vitu viwili vinavyoonekana kimoja. Cha kwanza ni zawadi: matunda ambayo hayakuagizwa, dakika kumi za mtu anayeacha duka lake kuonyesha njia. Cha pili ni ujira mdogo. Mwaka 2023 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa hadi leki 40,000 kwa mwezi, ambazo hazikufika yuro 400. Vijana wameondoka kwa wingi: sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 2.8, ile ya 2023 milioni 2.4. Mtalii anayeshangilia sahani ya bei ndogo anakula sehemu ya mshahara wa mhudumu, na hilo halifanani hata kidogo na kukirimiwa. Dhuluma ya mgeni ni kuchanganya viwili hivyo: kuvutania bei ya kilichouzwa, na kukipokea kilichotolewa bure kana kwamba kilikuwamo katika bili.

Kuna mlango mwingine pia. Mwenye pasipoti ya Ujerumani anaingia Albania bila viza; Mtanzania hutakiwa kuwa nayo, isipokuwa, kwa mfano, akiwa na viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi ambayo ameshaitumia na bado ni hai. Kanun haikuuliza mgeni ametoka wapi. Dola huuliza, na kwa wasomaji wengi wa makala haya gharama ya safari inaanzia dirisha hilo, siyo kwenye kahawa ya Sarandë.

Atakayebahatika kufika, basi, alipe bei iliyoandikwa bila kuvutana, tena kwa leki. Akipewa ambacho hakukiagiza, apokee kwa shukrani, asitoe pochi. Afadhali arudi kula hapo kesho na kuwaelekeza wengine. Aulize nani amepika, akamshukuru mwenyewe. Na anayefanya haraka ili aiwahi nchi ikiwa bado nafuu, ajue amechelewa kidogo: mwaka 2015 yuro moja ilibadilishwa kwa leki 140 hivi, na siku hizi ni mia moja tu au pungufu.