Je, Kiongozi Akipumzika Anawaibia Watu Wake?

Ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kutoka Lweba hata Baraka, kila mvuvi ajua desturi hii. Usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa kuvua ndagala. Lakini mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu tena ya kuwavuta samaki. Basi nyavu huanikwa juani, na wavuvi huketi wakizishona. Hakuna awaitaye wavivu, kwa maana wavu uliotatuka humrudisha mwenyewe nyumbani mikono mitupu.

Mbona basi neno hili, lililo wazi kwa wavu, ni gumu kufahamika kwa mtu?

Mtazameni mkubwa wa shirika mwenye bidii. Alfajiri yupo msibani. Mchana aamua ugomvi wa shamba. Jioni aongoza sala. Usiku wa manane mlango wake wabishwa tena. Hali chakula pamoja na watoto wake, wala hapati usingizi wa kutosha. Watu humsifu wakisema, “Huyu amejitoa kweli!” Miezi yapita. Siku moja mjane aja kumwuliza neno dogo, naye amfokea mbele ya watu. Kesho yake akata shauri upesi bila kusikiliza upande wa pili, ili tu limwondokee. Hatimaye atafuta pombe kali ili apate kulala. Je, ni nani aliyelipa deni la uchovu wake? Mjane amelipa, na yule aliyenyimwa haki amelipa, na watoto wake pia.

Basi kuutunza mwili na moyo si kujipenda kupita kiasi. Kwa kiongozi ni wajibu wa haki, kwa kuwa hasira yake na haraka yake huwaangukia wengine.

Maandiko Matakatifu yafundisha vivyo hivyo. Musa aliketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu. Yetro, mkwewe, hakumsifu, bali alimwambia wazi kwamba atachoka yeye pamoja na watu wake. Akamshauri achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi wamsaidie. Nabii Eliya alivunjika moyo jangwani hata akaomba kufa. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa na kumpa mkate na maji, mara mbili. Ndipo alipoweza kwenda siku arobaini hata mlima Horebu. Kumbe hata nabii huweza kuzidiwa na huzuni, na dawa ya kwanza aliyoipata ilikuwa usingizi na chakula.

Labda mtu atauliza: “Je, mchungaji mwema si yule atoaye uhai wake?” Ndiyo. Nchi ya Fizi yajua neno hilo kwa damu. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Baraka Padre Luigi Carrara na ndugu mtawa Vittorio Faccin; na siku hiyo hiyo, huko Fizi, Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.

Lakini kutoa ni jambo moja, na kupoteza ni jambo jingine. Aliyeuchosha moyo wake ovyo hana cha kutoa saa ya kutoa ifikapo. Padre Carrara alikutwa kanisani akisikiliza maungamo, katika kazi ya utulivu aliyoizoea. Saa ya namna ile haimletei mtu moyo mpya. Humkuta na ule alioujenga siku zote.

Kwa hiyo kiongozi mwenye busara alale usiku, ila panapo hatari ya kweli. Ale pamoja na jamaa yake. Agawe kazi, hata kama wasaidizi hawaifanyi vizuri kama yeye. Asikate shauri akiwa na hasira, bali aliweke hata kesho. Huzuni yake asiifiche katika chupa. Aipeleke mbele ya Mungu, na kwa rafiki mmoja ajuaye kutunza siri.

Nanyi wakatekumeni, msidhani neno hili ni la wakubwa peke yao. Kila mmoja wenu ataongoza: nyumba, au shamba, au wadogo zake. Tena ninyi ndio mbishao mlango. Kabla ya kubisha usiku, mtu ajiulize: Je, neno hili haliwezi kungoja kuche? Nanyi mkimwona aliyewatumikia akikaa kivulini siku moja, msimseme. Anashona wavu.