Ukuta wa Dari

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo ambalo ni nadra kulisikia likihubiriwa. Mtu akijenga nyumba mpya, aizungushie dari yake ukuta, asije mtu akaanguka kutoka juu na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba ile. Nyakati hizo dari ilikuwa bapa, na watu walipanda huko kuanika mazao, kuzungumza jioni na hata kulala. Agizo halisubiri mtu aanguke kwanza. Tena hatia inawekwa juu ya nyumba: hakuna aliyemsukuma yule aliyeanguka, lakini damu inadaiwa.

Tunalileta agizo hili Arusha kwa sababu mji wetu umekuwa mji wa ofisi kubwa. Mabawa matatu ya AICC, yaani Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika mwaka 1977. Makao makuu ya Jumuiya ya sasa yalizinduliwa mwaka 2012. Pembeni yake yamesimama majengo ya mabenki, ya mifuko, ya mashirika, na ya makanisa pia. Wengi wetu katika usharika tunapata riziki zetu humo, tukiwa wahasibu, makarani, wafagiaji, walinzi. Basi swali letu ni hili: jengo kubwa linapotapanya umeme na kuchafua hewa, na hakuna mtu mmoja aliyekusudia, ni nani aliyekosa?

Nyumbani swali hilo halitusumbui. Kule Ngaramtoni au Moshono, LUKU ikianza kulia, mama anazima taa ya uani na watoto wanaambiwa waache kufungua friji ovyo. Uniti tumezinunua kwa jasho. Kesho yake mtu yule yule anaingia ofisini, anawasha kiyoyozi, anakwenda kwenye kikao cha saa tatu, na chumba kinabaki kikipozwa kwa ajili ya viti. Si kwamba imani yake imebaki nyumbani. Ni kwamba ofisini hakuna LUKU inayolia mezani pake. Ankara inakwenda kwa mtu mwingine, ghorofa nyingine, mwisho wa mwezi.

Na kiyoyozi chenyewe, Arusha? Mji wetu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, mgongoni mwa Mlima Meru. Mwezi wa Julai tunavaa masweta hadi adhuhuri. Upepo wa mlimani tunaupata bila kulipa. Lakini tumependa majengo ya vioo, yaliyobuniwa kwa mfano wa miji ya baridi, ambayo madirisha yake hayafunguki. Kioo kinaingiza jua na kulifungia ndani, kisha tunanunua umeme wa kulitoa. Huu nao ni uamuzi wa mtu, ulifanyika kwenye karatasi ya mchoro kabla hata ya msingi kuchimbwa, na wanaokuja kufanya kazi mle miaka 40 baadaye wanaurithi kama ulivyo.

Umeme huo hautoki hewani. Themi inayopita katikati ya mji, Nduruma na Usa, zote zinashuka kutoka Meru na maji yake yanaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo Mto Pangani unakwenda kuzungusha mitambo ya Hale na Pangani. Mabwawa mengine yanachangia gridi hiyo hiyo, likiwemo la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, pamoja na gesi ya Songo Songo inayochomwa Dar es Salaam. Mvua ikikosekana, kama mwaka 2006 na 2011, tunaingia kwenye mgao. Hapo jenereta ya uani inaanza kunguruma. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa (ni nzito kuliko dizeli yenyewe, kwa kuwa kaboni inaungana na oksijeni ya hewani). Na ndani ya kiyoyozi kuna gesi ya kupozea: aina moja iliyotumika sana, R-410A, kilo moja ikivuja huongeza joto la dunia sawa na takriban kilo 2,000 za hewa ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 kukubaliana kupunguza gesi za namna hiyo. Fundi anayezifungulia ziende hewani ili amalize kazi mapema haonekani kufanya jambo lolote baya.

Wapo watakaosema tunawabebesha Watanzania mzigo usio wao. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa hewa ukaa zaidi ya mara 40 ya Mtanzania. Hoja hii ni ya haki, na kanisa lisione haya kuisema mbele ya mataifa tajiri. Lakini tuangalie huo wastani wetu ni mdogo kwa sababu ya nani. Ni mdogo kwa sababu ya mama wa Ngarenanyuki mwenye taa moja, na mfugaji wa Longido asiye na hata hiyo. Jengo la vioo lenye viyoyozi kila chumba si Mtanzania wa wastani. Likijitetea kwa takwimu hiyo, linajificha nyuma ya kanga ya mama yule. Na ukame wa mwaka 2009 ulipoua ng'ombe Longido, Monduli na Simanjiro, walioangukiwa walikuwa hao hao. Hatuwezi kusema ukame ule ulitokana na moshi wa jengo fulani. Hatuhitaji kusema hivyo. Ukuta wa dari haukujengwa kwa kuthibitisha nani ataanguka.

Kinachotutatiza zaidi ni jambo jingine. Katika majengo haya, anayeona hana mamlaka, na mwenye mamlaka haoni. Mlinzi wa zamu ya usiku anajua ghorofa ipi inawaka taa hadi alfajiri. Mfagiaji anajua kiyoyozi kipi kinavuja maji na kipi hakizimwi wikiendi. Meneja na wajumbe wa bodi wanajua tarakimu tu, tena zimechanganywa na maji na ulinzi. Wakili wa Luka 16 aliitwa atoe hesabu ya uwakili wake. Sisi tumegawanya uwakili vipande vidogo hata hakuna anayeweza kuitwa. Mlinzi akizima kiyoyozi cha bosi aliyesahau, asubuhi anaweza kuulizwa nani amemtuma.

Kwa hiyo wajumbe wa bodi na wa kamati za majengo tulio nao kanisani wanaweza kuanza na kumtuma. Wamwite mlinzi na mfagiaji kwenye kikao kimoja, waketi nao, wawaulize usiku wanaona nini, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na uniti za mwezi. Na anayepanga kujenga, hata kama ni jengo la dayosisi, amwulize msanifu kabla ya kusaini mchoro: madirisha haya yanafunguka?