Kijana na ndoto ya kuishi bila kumtegemea mtu



Najua siko peke yangu katika hili. Usiku, kama bando bado lipo, kuna video ninazoangalia mpaka usingizi unanikimbia: kijana na mke wake, nyumba ya magogo katikati ya msitu, kuku, mbuzi wawili, bunduki ya kuwindia ukutani, mkate wa moto unatoka kwenye oveni ya udongo. Hakuna bosi. Hakuna kodi ya nyumba. Hakuna kikundi cha WhatsApp cha michango ya harusi! Mtu anakula alichopanda, alichowinda na alichooka mwenyewe, basi.

Kwangu si suala la kuwaza tu. Nina ekari mbili alizoniachia babu, upande wa Songea, na napiga hesabu za kuuacha mji. Kwa hiyo swali langu ni la kweli kabisa: kutamani kuishi bila kumtegemea mtu ni fadhila, au ni kiburi kilichoshika jembe?

Tusikimbilie kulaumu. Mtume Paulo alishona mahema, akafanya kazi usiku na mchana asije akamlemea mtu. Kula jasho lako ni heshima. Hata kuwinda si dhambi kwa kwenyewe: Katekisimu, namba 2417, inakubali tutumie wanyama kwa chakula na mavazi, na namba inayofuata inakataza kuwatesa au kuwaua bila sababu. (Ila kabla hujatengeneza upinde, kumbuka kwamba hapa kwetu kuwinda bila kibali ni kosa la jinai, na shamba utakalolima baada ya hapo litakuwa la gereza.)

Sasa kuna habari ya Christopher McCandless, kijana wa Kimarekani. Aprili 1992 aliingia peke yake katika pori la Alaska na bunduki na mfuko wa mchele usiozidi kilo 5. Akaishi ndani ya basi bovu lililotelekezwa. Mwezi Juni akapata alichokuwa akikitafuta: aliua kulungu mkubwa wa nchi za baridi, mnyama wa uzito wa ng'ombe. Fikiria, ng'ombe mzima na mtu mmoja. Alijitahidi kuikausha nyama kwa moshi, lakini funza walimwahi. Akaiacha, na kwenye kumbukumbu zake akaandika kwamba anajuta kumuua yule mnyama. Agosti alifia humo humo ndani ya basi, mwili umekwisha kwa njaa. Alikuwa na miaka 24.

Simcheki marehemu, Mungu amrehemu. Alikuwa na ujasiri ambao mimi sina. Kinachonigusa ni ile nyama. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanawinda mpaka leo, na ukiwaangalia kwa mbali utasema hawa ndio watu wanaojitegemea kuliko wote. Lakini mwindaji wao akiua mnyama mkubwa, nyama si yake peke yake. Kambi nzima inakula. Kesho yeye akikosa, atakula ya mwenzake. Nyama haiozi kwa sababu imeshahifadhiwa mahali salama, tumboni mwa jirani. Yaani pori lenyewe, lile tunalolikimbilia ili tusihitaji watu, linadai watu. Na McCandless mwenyewe aliingia porini amevaa mabuti aliyopewa na dereva aliyempa lifti.

Kanisa nalo lina watu wake wa porini, tena wa zamani sana. Mtakatifu Antoni wa Misri alikwenda kuishi jangwani, na watu wakawa wanamletea mkate. Alipoona wanavyotaabika njiani, akawaomba jembe, shoka na mbegu za ngano. Akalima, akapata mkate wake, na akafurahi sana kwamba hamsumbui mtu. Hapo kila mpenzi wa video zile atapiga makofi. Lakini Mtakatifu Atanasi, aliyeandika maisha yake, anaendelea: watu hawakuacha kuja, basi Antoni akapanda na mboga kidogo, ili mgeni aliyechoka na ile safari ngumu apate cha kumburudisha. Ngano ilikuwa yake, mboga zilikuwa za wageni. Jembe ni lile lile.

Halafu Mtakatifu Benedikto. Katika Kanuni yake, sura ya 66, anaagiza monasteri iwe na kila kitu ndani, maji, kinu, bustani na ufundi mbalimbali, ili watawa wasiwe na haja ya kuzurura nje. Kujitegemea kamili! Lakini sura hiyo, ukiisoma tangu mwanzo, inamhusu bawabu. Anataka mzee mwenye busara akae karibu na lango, na mtu akibisha, au maskini akiita, amjibu mara moja kwa kumshukuru Mungu. Kinu na bawabu viko kwenye ukurasa mmoja. Waliokulia karibu na Peramiho, ambako Wabenediktini wapo tangu 1898, hawahitaji maelezo: mashamba, karakana, hospitali, na watu wanaingia na kutoka.

Hata mkate. Ule wa chachu ya nyumbani, usiotumia hamira ya dukani, unaanza na unga na maji tu. Unailisha chachu unga kila siku, nayo inakua. Usipoipunguza inafurika chupa. Utaitupa, au utampelekea mama wa nyumba ya pili. Na yule mwanamke wa kwenye mfano wa Yesu alichanganya chachu kwenye vipimo vitatu vya unga, ambavyo kwa hesabu zetu vinazidi debe moja. Hapo hakuwa akioka mkate wa mtu mmoja. Kwenye Baba Yetu nako, mkate tunaoomba ni wetu.

Turudi kwenye ekari zangu. Nyumba naweza kuijenga sehemu mbili. Nyuma ya mwinuko, ambako hakuna njia, au huku mbele, kando ya njia ya watu waendao kisimani. Kule nyuma kuna utulivu, na kwa kweli mimi ni mtu wa kuchoka watu mapema. Huku mbele wataomba chumvi, watanisimulia misiba, na Jumamosi jumuiya itataka kusalia kwangu. Nimepima vipimo vya msingi wa huku mbele. Matuta mawili ya mchicha nitayapanda karibu na lango.